Pipi za karanga na chokoleti: Usalama wake huanza kwenye ungo

Shule zikifungwa, maswali ya wazazi kliniki hubadilika. Homa na kikohozi bado vipo, lakini mzazi akishaandikiwa dawa hubaki amekaa kidogo na kuuliza: “Daktari, watoto wako nyumbani kutwa, kila saa wanataka kitu kitamu. Niwape nini?” Siku hizi swali hilo huja na simu mkononi. Kwenye simu kuna video ya vitufe vya siagi ya karanga vilivyochovywa kwenye chokoleti. Havihitaji oveni, viungo vyake havizidi vitano, na mzazi anataka kujua kama ni salama kuwatengenezea wanawe.

Jibu langu huwa ni ndiyo. Ila naona wengi wetu tunaogopa kitu ambacho si chenye hatari kubwa. Tunauliza kuhusu sukari, tunauliza kama chokoleti italeta minyoo. Sukari nitaizungumzia. Minyoo haitokani na chokoleti wala pipi ya aina yoyote. Mayai yake huingia mwilini kwa mikono michafu, udongo na vyakula visivyooshwa. Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni karanga zenyewe zilikaa wapi kabla ya kufika jikoni, na nani amezichambua.

Pipi hizi asili yake ni Marekani. Katika jimbo la Ohio zinaitwa buckeye, jina la mti wenye mbegu ya kahawia iliyo na doa la rangi hafifu. Ndiyo maana wapishi wa huko hawakifuniki kitufe chote, huacha duara dogo la karanga lionekane juu. Dukani nako mchanganyiko huu ni wa zamani: H. B. Reese wa Pennsylvania alianza kuuza vikombe vyake vya chokoleti vyenye siagi ya karanga mwaka 1928. Kwa sisi tuliokua na kashata, wazo si geni. Tofauti ni kwamba kashata hupikwa kwa sukari iliyoyeyushwa mpaka inachemka na kunata, na sukari hiyo ikimrukia mtoto humuunguza vibaya kuliko maji ya moto kwa sababu inaganda kwenye ngozi. Kwa hiyo, kama unataka kupika na watoto pembeni yako, pipi isiyochemshwa sukari ina faida yake.

Lakini kutopikwa huko kuna upande wa pili. Kinachoingia kwenye bakuli kikiwa kichafu, kitaliwa kikiwa kichafu. Mwaka 2008 na 2009 huko Marekani, siagi ya karanga ya Peanut Corporation of America iliyokuwa na bakteria wa salmonela ilihusishwa na wagonjwa zaidi ya 700 na vifo 9. Mkuu wa kampuni hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 28 mwaka 2015. Karanga zilizokaangwa vizuri nyumbani na kusagwa kwenye chombo safi hukuepusha na sehemu kubwa ya hatari hiyo. Ipo nyingine, ambayo moto hauiwezi.

Sumu isiyoondoka kwa moto

Karanga zisipokaushwa vizuri baada ya kuvunwa, au zikihifadhiwa mahali penye unyevu, huota kuvu. Baadhi ya kuvu hao, hasa wa jamii ya Aspergillus, hutengeneza sumu tunayoiita sumukuvu. Wanasayansi waliigundua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kutokana na chakula kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga. Hapa kwetu hatuhitaji mfano wa bata mzinga. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kenya iliwahi kupoteza watu 125 mwaka 2004, nako kwa mahindi. Mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi, na ndiyo mazao mawili tunayomkorogea mtoto uji wa lishe.

Sumu hii ikiingia nyingi kwa mara moja, mgonjwa hutapika, huumwa tumbo, macho huwa ya njano na tumbo au miguu huvimba. Hiyo ni hali ya dharura. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, huingia kidogo kidogo kwa miaka bila dalili yoyote, na mwisho wake unaweza kuwa saratani ya ini. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari hiyo huongezeka mara nyingi. Mzazi ambaye mtoto wake amekamilisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ameshamkinga dhidi ya virusi hivyo. Upande wa chakula umebaki mikononi mwake.

Kukaanga nyumbani kunaweza kupunguza sumukuvu kwa kiasi, lakini hakuimalizi. Kuchemsha na kuosha navyo haviimalizi. Haina harufu wala ladha yake yenyewe. Kinachosaidia ni kwamba ndani ya gunia moja la karanga sumu haisambai sawasawa. Hujikusanya kwenye punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizopasuka na zenye ukungu. Ukiziondoa hizo, umeondoa sehemu kubwa ya sumu. Ungo ambao bibi zetu waliukalia kila asubuhi unafanya kazi ambayo jiko la gesi haliwezi.

Kwa sababu hiyo nashauri ununue karanga nzima, si zilizosagwa kwenye mfuko usio na jina. Karanga ikishasagwa huwezi tena kujua ilikuwa na hali gani, na mfanyabiashara asiye mwaminifu anajua hivyo. Punje mbovu ambazo hakuna angezinunua zikiwa nzima huuzika zikiwa unga. Mashine ya kusagia sokoni nayo hubeba mabaki ya karanga za aliyekutangulia. Kama huna blenda wala kinu, nunua siagi ya karanga ya kopo yenye alama ya ubora ya TBS, tarehe ya mwisho wa matumizi inayosomeka, na viungo vichache: karanga, chumvi, pengine mafuta kidogo.

Unapochambua, kaa kwenye mwanga wa kutosha. Chambua mara mbili: kabla ya kukaanga, na baada ya kumenya ganda jekundu, maana madoa mengi hujificha chini ya ganda hilo. Punje yenye shaka itupe, usiionje. Ukitafuna karanga ikawa chungu, iteme, usimeze kwa kuona aibu. Ulizozitoa usimwagie kuku wala usimpe ng'ombe wa maziwa. Kuku hudhurika, na kwa ng'ombe sehemu ya sumu hupita kwenye maziwa na kurudi mezani kwako. Zifukie.

Jinsi ya kutengeneza

Kaanga karanga nusu kilo zilizochambuliwa kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukigeuza kwa mwiko bila kuacha, mpaka ganda lianze kupasuka na punje iwe na rangi ya dhahabu hafifu. Zikiungua zitakuwa chungu na utashindwa kutofautisha uchungu wa moto na uchungu wa ubovu. Ziache zipoe, zimenye, zichambue mara ya pili, kisha zisage. Kwenye blenda zitaanza kuwa unga, halafu zitakuwa madonge, na ukivumilia dakika chache zaidi mafuta yake yenyewe yatatoka na kuwa siagi laini. Pumzisha blenda katikati ili isiungue. Usiongeze maji hata tone.

Pima gramu 250 za siagi hiyo, karibu kikombe kimoja. Inayobaki weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, itafaa kwa mkate au mchicha. Changanya kikombe hicho na vijiko vitatu vya chakula vya sukari laini ya unga, ile ya kupambia keki, nusu kikombe cha maziwa ya unga, na chumvi kidogo sana. Kama siagi ni nyepesi, ongeza maziwa ya unga kijiko kimoja kimoja mpaka mchanganyiko ushikane bila kunata sana mikononi. Nimeona mapishi yanayotumia unga wa ngano kuukaza. Usifanye hivyo. Unga wa ngano mbichi ni chakula kisichopikwa, unaweza kubeba bakteria, na hapa hakuna moto wa kuwaua.

Mapishi mengi ya Ohio huweka sukari ya unga yenye uzito sawa na karanga au kuzidi. Hapo ndipo tunapoachana nao. Ukipenda, badala ya sukari ponda tende laini kumi zilizotolewa kokwa. Ladha yake na karanga inakubaliana vizuri, ingawa vitufe vitakuwa laini zaidi. Asali usiitumie kama kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja atakayelambishwa, hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kuwa na vimelea ambavyo kwa mtoto mchanga hutengeneza sumu inayolegeza misuli, ikiwemo ya kupumulia.

Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, kisha viringisha vitufe vya ukubwa wa kokwa la embe dogo? Hapana, hivyo ni vikubwa mno kwa mtoto. Viwe kama gololi kubwa, gramu 12 hivi. Utapata karibu 28. Vipange kwenye sahani iliyopakwa mafuta kidogo na uviweke kwenye friji nusu saa vikaze.

Kwa chokoleti, vunjavunja gramu 150 za chokoleti nyeusi kwenye bakuli kavu la chuma au la glasi isiyopasuka kwa joto. Weka bakuli juu ya sufuria yenye maji kidogo yanayofuka mvuke, bila maji kugusa bakuli, halafu zima moto. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu, ndiyo maana chokoleti hulainika mdomoni, na ndiyo maana haihitaji moto mkali. Mvuke au tone la maji likiingia, itaganda kuwa kitu kama udongo na haitachovyeka tena. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi huifanya nyepesi, nawe utatumia kidogo. Kazi ya mvuke ni ya mtu mzima. Watoto waachiwe kuviringisha.

Chomeka kijiti cha meno kwenye kitufe, kichovye, kikung'ute, kirudishe kwenye sahani. Ukimaliza hesabu vijiti vyote. Nasema hivi nikiwa nimekwisha kuona picha za mionzi za watu waliomeza vitu ambavyo havikupaswa kuwa ndani ya chakula. Na usivipange wala kuvifunga kwenye gazeti, hata hili unalolisoma. Wino wake hugandamana na mafuta ya karanga.

Mtoto ale vingapi?

Kwa vipimo hivyo, kitufe kimoja kina karibu kalori 100 na sukari ya kuongezwa karibu kijiko kimoja cha chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitano hiyo ni kama vijiko vinane vya chai kwa siku, vinne kama unafuata kiwango cha chini. Chai ya asubuhi inahesabiwa, juisi inahesabiwa. Soda moja ya mililita 300 inaweza kumaliza vyote vinane peke yake. Kwa hiyo vitufe viwili baada ya chakula cha mchana, siku ambayo hakuna soda, havinisumbui. Kinachonisumbua ni sahani iliyoachwa mezani watoto wakachukua kimoja kimoja mpaka jioni, kwa sababu meno huharibiwa zaidi na sukari inayorudi mara kwa mara. Wape kwa mkupuo mmoja, wanywe maji, usiku wapige mswaki.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari ya kuongezwa kabisa. Kwa wa chini ya miaka minne au mitano tatizo ni jingine: kupaliwa. Karanga nzima ni moja ya vitu vinavyotoka mara nyingi kwenye njia ya hewa ya watoto wadogo, na siagi ya karanga iliyo donge hunata kooni. Usikipambe kitufe kwa vipande vya karanga kama kitaliwa na mdogo. Kikate vipande vinne, mtoto akae, asile akikimbia, akicheka au akilia. Mtoto aliyepaliwa na bado anakohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kukohoa na kutoa sauti, aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mapigo matano katikati ya mabega, kisha mgeuze umkandamize kifua mara tano kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka mmoja, mapigo matano mgongoni, kisha simama nyuma yake ubonyeze juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano. Rudia mkiwa njiani kuelekea hospitali. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Na kama mtoto alipaliwa na karanga akaonekana kupona, lakini wiki inayofuata ana kikohozi kisichoisha au anakoroma kifuani, mwambie daktari kuhusu ile karanga hata asipouliza.

Mzio wa karanga upo, na ukiwa mkali huua. Zamani sisi madaktari tuliwashauri wazazi wachelewe kuwapa watoto karanga. Utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015, uliohusisha watoto 640 waliokuwa na hatari kubwa ya mzio, uligeuza ushauri huo. Walipofika miaka mitano, wenye mzio wa karanga walikuwa karibu asilimia 17 ya wale walioepushwa nazo na karibu asilimia 3 ya wale waliozila tangu uchanga. Kwa hiyo mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza akiwa na miezi sita anaweza kupewa siagi laini ya karanga, kidogo, iliyokorogwa kwenye uji. Kama ana ukurutu mkali au ameshapata mzio wa mayai, muone daktari kwanza. Dalili za kukimbilia hospitali ni midomo au uso kuvimba, vipele vya ghafla mwili mzima, kutapika mfululizo, kupumua kwa shida au kulegea. Mlaze chini, kama anapumua kwa shida akae, usimtembeze. Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini ya kwenye msuli wa paja. Vidonge vya kuwasha peke yake havitoshi.

Mgonjwa wa kisukari na mtoto aliyedhoofika

Wazazi wa watoto wenye kisukari huniuliza kama pipi hizi ziwekwe kwenye begi la shule kwa ajili ya sukari inaposhuka. Hapana. Mafuta ya karanga na chokoleti huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na mtoto anayetetemeka na kutokwa jasho hana muda huo. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, upime tena baada ya dakika 15. Akishapanda, hapo kitufe kimoja kinafaa kumshikilia mpaka mlo unaofuata. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Mtu mzima mwenye kisukari hakatazwi kitufe, ila akihesabu ndani ya mlo wake. Wenye ugonjwa sugu wa figo waulize kwanza, kwa kuwa karanga, maziwa na kakao vyote vina potasiamu na fosforasi.

Kuna swali moja ambalo hunipa wasiwasi kuliko yote. Wapo wazazi waliogundua kwamba karanga, maziwa ya unga na sukari ndivyo viungo vikuu vya ile pakiti ya chakula tiba wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Wako sahihi. Plumpy'Nut, iliyobuniwa mwaka 1996 na Mfaransa André Briend akiwa na Michel Lescanne, imejengwa juu ya siagi ya karanga, na pakiti moja ya gramu 92 hutoa kalori 500. Lakini ndani yake kuna mchanganyiko wa vitamini na madini uliopimwa kwa ajili ya mwili ambao umeacha kufanya kazi kawaida, na huwezi kuutengeneza jikoni. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake unasoma chini ya sentimita 11.5 kwenye utepe wa kliniki, au ambaye miguu yote miwili imevimba, hatibiwi kwa vitufe. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama nyumbani kuna pakiti za chakula tiba, ni za mgonjwa peke yake, zisitumike kutengenezea wenzake pipi.

Kuhifadhi na kugawa

Kwenye friji, katika chombo chenye mfuniko, vitufe hukaa wiki mbili bila shida kwa sababu hatukuweka maji wala maziwa ya maji. Mahali pa joto kama Dar es Salaam au Tanga havitadumu mezani; umeme ukikatika chokoleti italainika, kisha ikiganda tena itakuwa na michirizi myeupe. Hiyo ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, si ukungu, na haina madhara. Ukungu una manyoya, mara nyingi una rangi ya kijani au kijivu, na harufu ya stoo iliyofungwa. Ukiuona kwenye kitufe kimoja, tupa chombo kizima.

Mkiwapelekea watoto wengine, iwe shuleni, madrasa au kwenye sherehe ya kuzaliwa, andika kwenye chombo kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna karanga na maziwa, na umwambie mwalimu kwa mdomo pia. Chokoleti huficha kilichomo, na mtoto mwenye mzio hana namna ya kujua mpaka ameshauma.